Namba Sitini na Moja

Saa nane usiku, Bugarika,
chumba changu kimekaa juu ya jabali,
bati linapoa kwa kulia: ta, ta,
nami naandika swali moja tu.
Imekwisha?

Ndiyo kazi niliyopewa.
Mfumo ukituma ombi kwenye diski
usilale kusubiri kengele.
Usimame palepale, uulize.
Imekwisha? Bado. Imekwisha? Bado.
Imekwisha? Ndiyo.
Diski za siku hizi zina haraka hivyo:
hujajifunika shuka, jibu limebisha hodi,
na kule kuamka, kupapasa kandambili gizani,
kunakula muda kuliko kazi yenyewe.

Kwa diski moja, hata mtoto angeelewa.
Lakini hii yangu si diski, ni jina la diski.
Chini ya jina, tabaka linalofumba maandishi;
chini yake, tabaka linalokata ombi mapande;
chini kabisa, vyuma vitatu vya kweli
visivyojuana.
Ukiuliza juu, juu hapajui.
Juu panajua kupokea na kushusha.

Jumatatu nilipanda Bugando na baba.
Dirisha la nne, Bi Jeneroza alipokea
damu, mkojo, kohozi,
akatupa kikaratasi kimoja: 61.
Nyuma ya kioo vichupa vikaagana,
kimoja kushoto, kimoja ghorofa ya chini,
cha tatu kwenye boksi la barafu
sikuona kilikoelekea.

“Sitini na moja tayari?”
“Bado, dada.”
“Kipi bado, kati ya vitatu?”
Kalamu yake ikasimama hewani.
“Namba hii ni ya hapa dirishani.
Huko ndani wana namba zao.”

Baba akacheka, akakohoa, akacheka tena.
Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeandika
dirisha lile lile, kwa mistari mia mbili.

Sayi, mwenzangu wa Igoma, alishauri
tugonge kila mlango, tuulize kila foleni.
Tukajaribu. Kichakataji kikachemka,
feni ikavuma kama nyuki waliochokozwa,
na majibu ya wengine tukayabeba
tukidhani ni yetu.
Akasema basi tuweke daftari moja, lenye kufuli.
Kufuli likazaa foleni ya kusubiri kufuli.
Nikafuta yote. Nikala mihogo, nikalala na viatu.

Alhamisi tukarudi.
Bi Jeneroza hakusema kitu, aligeuza tu 61:
nyuma yake vikaratasi vitatu vimebanwa kwa pini,
namba za huko ndani, kwa wino mwekundu.
“Ulinisumbua,” akasema. “Sasa uliza.”

Nilishuka mlima sioni ngazi.

Ombi mama liwabebe wanawe mgongoni.
Likikatwa, kila pande lining'inie kwake
na namba ya chuma liliposhukia.
Atakayemuuliza mama, mama ageuke,
amuulize kila mwana: wewe je? na wewe?
Aliyekwisha ateremke.
Mgongo ukibaki mtupu, mama aseme: ndiyo.
Hakuna daftari. Hakuna kufuli.
Mbeleko tu.

Sasa saa tisa. Nimewasha, naitazama ikiuliza
mara laki kwa sekunde, bila haya,
nayo inajibiwa. Inajibiwa!
Kule chini ziwa ni giza lenye taa za karabai,
na Sayi amenitumia neno moja: Eeeh.

Vichupa viwili vya baba vimeshajibu, ni salama.
Bado cha boksi la barafu.
Wamesema wiki mbili, labda tatu.

Nimepiga dirisha la nne mara tisa leo.
Mara ya tisa Bi Jeneroza akaniambia, taratibu,
“Kuuliza si ujinga, mwanangu. Ila hiki
ni cha kupigiwa simu.”

Najua. Niliiandika mwenyewe, juu ya faili,
kwa herufi kubwa:
ULIZA PALE TU JIBU LILIPO KARIBU.

Nimepandisha mlio wa simu hadi mwisho.
Nimeiweka sikioni, chini ya mto.
Mashine inauliza.
Mimi najaribu kulala.